Kusoma mayai ya minyoo kwa hadubini: hatua kwa hatua, kwa anayetaka kumjua mnyoo mwenyewe

Mezani kuna kikopo cha choo kikubwa, kipande cha kioo na hadubini. Ndani ya kikopo hicho mara nyingi hamna mnyoo hata mmoja, maana minyoo wenyewe wamebaki tumboni. Kilichotoka ni mayai. Kazi yako ni kumtambua mzazi kwa kuliangalia yai lake, na mengi ya mayai hayo hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Wanafunzi wa maabara wengi hufundishwa kanuni za kazi hii kama orodha ya kukariri: soma ndani ya muda huu, usiweke kwenye friji, rudia sampuli siku nyingine. Nimeshika kazi hii miaka mingi na nimeona kanuni zilizokaririwa zikivunjwa kila foleni inaporefuka. Lakini anayejua kwa nini safura, mnyoo wa utumbo anayenyonya damu, hasubiri, hasahau kutazama saa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imefungwa kwenye maisha ya mnyoo: kwanza anachofanya yeye, kisha unachotakiwa kufanya wewe.

Hatua ya 1: Tenganisha minyoo duara na minyoo bapa

Kiswahili kinaita "minyoo" wanyama ambao kinasaba wako mbalimbali kabisa. Nyungunyungu wa ardhini ana pingili, na hana ukoo wa karibu na askaris, yule mnyoo mkubwa wa tumboni, ingawa kwa umbo watu huwachanganya. Minyoo duara, yaani askaris, safura, mnyoo mjeledi, mnyoo uzi na strongiloidi, hawana pingili. Mwili wa kila mmoja wao ni mrija ndani ya mrija: wa nje ni ngozi ngumu iitwayo kutikula, wa ndani ni utumbo, na katikati kuna maji yaliyobanwa kwa shinikizo. Tangu atoke kwenye yai hadi awe mtu mzima, mnyoo duara hujivua ngozi hiyo mara 4, kama wadudu wanavyojivua magamba, na ndiyo maana wanabiolojia wa leo humweka karibu na wadudu kuliko na nyungunyungu.

Misuli yake yote imelala kwa urefu wa mwili. Hana misuli inayozunguka mwili kama mkanda, kwa hiyo hawezi kujirefusha na kujifupisha. Anachoweza ni kujipinda upande huu na upande ule. Lihifadhi hilo. Siku utakapoona kitu chembamba kwenye slaidi kikijipinda kama herufi S, papo hapo, bila kurefuka, utajua umekutana na kiluwiluwi, yaani mtoto, wa mnyoo duara hata kabla hujajua jina lake.

Minyoo bapa ni ukoo mwingine. Humo yumo tegu, ambaye hana mdomo wala utumbo na hufyonza chakula kwa ngozi ya mwili mzima. Wamo pia minyoo wa ini na minyoo wa kichocho. Wengi wao wana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja. Kichocho ndiye wa tofauti: dume na jike ni wawili, na dume humkumbatia jike ndani ya mkunjo wa mwili wake, wakaishi hivyo kwenye mishipa ya damu.

Kwenye daftari lako gawa ukurasa mara mbili, duara huku na bapa kule. Kila yai utakalolichora lipate upande wake.

Hatua ya 2: Andika saa kabla ya jina

Sampuli inapofika, swali la kwanza kwa mgonjwa ni hili: "Choo hiki kimetoka saa ngapi?" Andika saa hiyo kwenye kikopo chenyewe.

Sababu ni safura. Yai lake hutoka mwilini likiwa na seli chache tu, kwa kawaida 4 hadi 8, ndani ya ganda jembamba sana. Halikuumbwa kustahimili, limeumbwa kuharakisha. Penye joto, unyevu na hewa, kiluwiluwi huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 48. Hula bakteria, hujivua mara 2, na baada ya siku 5 hadi 10 anakuwa kiluwiluwi wa kuambukiza, aliyefunga mdomo, asiyekula tena, anayesubiri ngozi ya mtu. Mtafiti wa minyoo Arthur Looss aligundua njia hiyo ya ngozi kwa mwili wake mwenyewe, huko Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Maji yenye viluwiluwi yalimdondokea mkononi, ngozi ikawasha na kuwa nyekundu, na baada ya majuma kadhaa akakuta mayai ya safura kwenye choo chake.

Kikopo chako chenye joto la chumba ni udongo mzuri kwa yai hilo. Ukikiacha siku nzima, mayai yanaanguliwa humo humo, na hapo unaingia kwenye kosa ambalo mimi nililifanya nikiwa bado mgeni kazini. Sampuli ililetwa Ijumaa mchana ikabaki rafuni. Jumatatu asubuhi niliisoma, nikaona viluwiluwi wakicheza, nikaandika strongiloidi, kwa sababu nilifundishwa kwamba strongiloidi ndiye anayetoka chooni akiwa kiluwiluwi. Mgonjwa alikuwa na safura. Upungufu wake wa damu ulikaa majuma mawili zaidi bila kuulizwa, na jibu lililowapotosha madaktari lilikuwa na sahihi yangu. Tangu siku hiyo sijasoma kikopo kisicho na saa.

Ikitokea umepata viluwiluwi kwenye choo kilichochelewa, watenganishe kwa mdomo. Tia tone la ayodini watulie, kisha tazama kwa lenzi ya ×40. Kiluwiluwi wa safura ana mfereji mrefu wa kinywa, unaokaribia upana wa mwili wake. Wa strongiloidi ana mfereji mfupi mno, kama amekatwa mdomo, lakini katikati ya mwili wake chembe ya viungo vya uzazi vya baadaye huonekana wazi. Kwa safura chembe hiyo ni ndogo sana, huenda usiione.

Usipoweza kusoma siku hiyo, friji huchelewesha mayai ya safura kuanguliwa. Ila kama daktari ameomba strongiloidi, usiweke kwenye friji, kwa kuwa baridi huwalegeza na kuwaua viluwiluwi ambao unahitaji watembee. Kikopo kiwe kikavu na safi, choo kisichanganyike na mkojo, na kamwe kisiokotwe ardhini. Udongo na maji ya madimbwi vimejaa minyoo duara wasiokaa mwilini mwa mtu yeyote, na kwenye slaidi hao watakusumbua kama wageni wasioalikwa.

Hatua ya 3: Jikinge kwa kujua nani anaambukiza leo

Yai la askaris lililotoka sasa hivi halimwambukizi mtu. Linahitaji majuma 2 hadi 4 kwenye udongo wenye joto na kivuli ili kiluwiluwi akomae ndani yake. La mnyoo mjeledi nalo ni hivyo hivyo. Lakini yai la mnyoo uzi hukomaa ndani ya saa 4 hadi 6 tu, na mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu kibete yako tayari yanapotoka. Ukilimeza yai la tegu wa nguruwe, kiluwiluwi wake aweza kwenda kujifungia kwenye msuli au kwenye ubongo wako. Na kwa hadubini ya kawaida hakuna anayeweza kulitofautisha yai hilo na la tegu wa ng'ombe.

Basi glavu kwa kila kikopo, hakuna kula wala kunywa mezani, na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama glavu haikutoboka.

Usitegemee dawa za kusafishia meza peke yake. Ganda la askaris lina tabaka la ndani la mafuta linalozuia kemikali nyingi kupenya. Mayai yake yamewahi kuonekana yakiendelea kukua ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Kinachoyashinda ni joto. Vifaa vinavyochemshika vichemshe.

Hatua ya 4: Tumia macho kabla ya lenzi

Fungua kikopo utazame. Choo ni kigumu au cha majimaji? Kina damu au makamasi? Kuna vipande vyeupe bapa kama utepe uliokatwakatwa, vingine vikijisogeza? Hivyo ni vipande vya tegu, na kila kimoja kimebeba mayai yake.

Wakati mwingine mgonjwa huleta mnyoo mzima kwenye karatasi, amefadhaika. Mpokee kwa utulivu. Kama ni mrefu, laini, rangi ya waridi iliyofifia, hana pingili, na ncha zote mbili zimechongoka, huyo ni askaris. Jike hufika sentimita 20 hadi 35, na dume ni mfupi zaidi, mkia umejikunja kama ndoano. Ukiangalia ncha ya kichwa kwa lenzi ndogo utaona midomo 3 iliyokaa kuzunguka kinywa. Minyoo wadogo weupe wanaofika sentimita moja hivi, mkia wao mwembamba kama sindano, ni majike ya mnyoo uzi.

Hatua ya 5: Tengeneza slaidi mbichi

Weka tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.85 upande mmoja wa slaidi na tone la ayodini upande wa pili. Kwa ncha ya kijiti chukua choo kidogo sana, ukubwa wa kichwa cha kiberiti ni kingi mno, ukikoroge kwenye kila tone. Choo kitoke ndani na pia juu ya bonge, hasa penye makamasi. Funika kwa kioo chembamba ukikilaza kwa mshazari ili hewa itoke.

Kipimo cha unene ni hiki: weka slaidi juu ya karatasi iliyochapwa. Kama herufi zinasomeka, slaidi inafaa. Kama hazisomeki, tengeneza nyingine.

Punguza mwanga. Kosa la wanaoanza ni kuufungua wote, wakidhani mwanga mwingi huonyesha zaidi, kumbe maganda membamba yanayeyuka machoni. Shusha kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, anza na lenzi ya ×10, na upite slaidi yote kama anayelima matuta: nenda hadi ukingoni, sogea upana wa duara moja, rudi. Panda ×40 pale tu unapokuwa na kitu cha kuuliza.

Hatua ya 6: Lisome yai kama barua ya mzazi wake

Pima kwanza, fikiri baadaye. Ukubwa huondoa nusu ya makosa, kwa hiyo lenzi ya macho iwe na mistari ya kipimo iliyosawazishwa.

Askaris huandika kwa herufi kubwa. Yai lililorutubishwa lina urefu wa mikromita 45 hadi 75 (mikromita 1,000 ni milimita moja), ganda nene, na koti la nje lenye vinundu kama ngozi ya chura. Rangi yake ya dhahabu iliyokolea si yake ya asili: limepakwa na nyongo njiani. Ndani kuna seli moja kubwa isiyogawanyika bado. Wakati mwingine koti la vinundu limebanduka na yai linaonekana jeupe na laini. Wengi huliita safura. Tazama ganda. La askaris hubaki nene hata likiwa uchi.

Kuna yai la pili la askaris ambalo vitabu hulipa mstari mmoja tu. Ni refu, mikromita 85 hadi 95, vinundu vyake havina mpangilio, na ndani limejaa chembe zinazong'aa bila umbo. Hilo ni yai lisilorutubishwa. Jike wa askaris hutaga hata asipokuwa na dume, kwa hiyo ukikuta slaidi yenye mayai ya namna hii peke yake, huenda tumboni mna majike tu. Yai hilo ni zito, na ukitumia njia ya kuelesha kwa maji ya chumvi nyingi litazama chini nawe utaandika "hakuna" juu ya mtu mwenye mnyoo wa sentimita 30.

Mnyoo mjeledi ana yai lisilosahaulika: pipa la kahawia la mikromita 50 hadi 55, lenye kizibo kinachong'aa kila ncha. Mnyoo mwenyewe hudungia sehemu ya mbele ya mwili wake, nyembamba kama unywele, ndani ya utando wa utumbo mpana, na sehemu nene ya nyuma huning'inia nje. Huenda ndiyo sababu moja ya dozi moja ya albendazole, dawa ya minyoo, kumtoa kwa shida.

Safura ana yai la mikromita 60 hadi 75, ganda kama mstari mmoja wa kalamu, ndani seli chache, na kati ya seli na ganda kuna nafasi angavu. Kuna safura wawili wakubwa wa binadamu, Necator americanus na Ancylostoma duodenale, na mayai yao hayatofautiki. Usijaribu kuandika ni yupi. Na tofauti yao si ndogo kwa mgonjwa: Necator hukata kwa bamba na mmoja humpotezea mtu kiasi cha mililita 0.03 za damu kwa siku, ilhali Ancylostoma huuma kwa meno na humwaga mara kadhaa ya hizo.

Zoezi ambalo huwapa wanafunzi wangu wote ni hili. Chukua choo kibichi chenye mayai ya safura, kipake kwenye karatasi iliyoloweshwa maji safi, iweke kwenye sahani yenye kifuniko mahali penye joto. Kila baada ya saa chache chukua kidogo ukitazame. Asubuhi utaona seli 4, zimekaa kama mawe ya jikoni yaliyobanana. Jioni hazihesabiki tena, zimekuwa tonge moja. Kesho yake tonge limerefuka, limejikunja mara mbili ndani ya ganda, na ghafla linasogea. Kiluwiluwi anageuka, anasukuma kwa kichwa, anageuka tena. Sijawahi kuona mwanafunzi aliyelishuhudia hilo akauliza tena kwa nini tunaandika saa. Fanya zoezi hili kwa glavu, na usilipitishe siku ya tatu bila kuchemsha kila kitu, maana unayemlea hapo hutoboa ngozi.

Mengine haraka. Yai la mnyoo uzi lina upande mmoja bapa kama herufi D. La tegu ni duara, mikromita 30 na kitu, ganda nene lenye mistari kama spoku za gurudumu, na ndani kuna kulabu 6. La kichocho cha tumbo ni kubwa mno kwa hayo mengine, zaidi ya mikromita 110, na lina mwiba ubavuni. La minyoo wa ini lina kifuniko kidogo kwenye ncha moja.

Vitu vinavyodanganya ni vingi: chavua, mapovu ya hewa, seli za mimea, na vinyweleo vya majani vinavyofanana na viluwiluwi. Kinyweleo hakina utumbo ndani, na ncha yake moja mara nyingi imevunjika. Povu lina ukingo mweusi na halina kitu katikati. Usipokuwa na hakika, sogeza kioo kwa ncha ya kijiti ili kitu kigeuke. Yai la kweli hubaki na umbo lake.

Hatua ya 7: Hesabu kwa njia ya Kato-Katz

Kujua kwamba minyoo wapo hakutoshi. Madhara ya minyoo hawa yanafuata wingi wao, na wingi huo haugawanyiki sawasawa: watu wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo wote. Njia ya kuhesabu tunayotumia ilianzishwa Japani na kuboreshwa na Naftale Katz nchini Brazili mwaka 1972.

Loweka vipande vya selofani kwenye glisirini yenye rangi ya kijani ya malakaiti kwa angalau saa 24. Chuja choo kwenye wavu, kisha ujaze tundu la kibao cha kipimo, ambalo hubeba miligramu 41.7. Inua kibao taratibu ili kijibonge kibaki kwenye slaidi, funika kwa selofani, geuza slaidi ukandamize hadi choo kitandae sawasawa. Hesabu kila yai kwa jina lake, kisha zidisha kwa 24 upate mayai kwa gramu.

Na hapa safura anarudi na haraka yake. Glisirini inayosafisha uchafu ili uone mayai, husafisha pia ganda lake jembamba mpaka linatoweka. Lisome ndani ya dakika 30 hadi 60. Baada ya hapo unaweza kuendelea na askaris na mnyoo mjeledi bila wasiwasi, na mayai ya kichocho hupendeza zaidi slaidi ikikaa.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni hivi: askaris chini ya mayai 5,000 kwa gramu ni maambukizi mepesi, kuanzia 50,000 ni mazito. Mnyoo mjeledi ni mepesi chini ya 1,000 na mazito kuanzia 10,000. Safura ni mepesi chini ya 2,000 na mazito kuanzia 4,000. Kichocho cha tumbo ni mepesi chini ya 100 na mazito kuanzia 400.

Usishangae kwamba viwango vimepishana sana. Jike mmoja wa askaris anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Tukichukua choo cha gramu 200, hayo ni mayai 1,000 kwa kila gramu, karibu mayai 40 kwenye slaidi yako, kutoka kwa mnyoo mmoja. Jike wa Necator hutaga kiasi cha 10,000 kwa siku au pungufu, yaani mayai mawili tu kwenye slaidi ile ile. Kwa hiyo mayai mawili ya safura yasikufanye uandike "kidogo" kwa mkono mwepesi. Hesabu hii ni ya takriban, kwani minyoo wakizidi wingi kila jike hutaga pungufu, lakini hukuzuia kulinganisha mayai ya mmoja na ya mwingine kana kwamba ni shilingi kwa shilingi.

Hatua ya 8: Mtafute mahali anapokaa, si mahali ulipozoea

Mnyoo uzi hatagi ndani ya utumbo. Usiku jike hutoka hadi kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa na kutaga huko, maelfu ya mayai kwa mkupuo, na mwasho humfanya mtoto ajikune na kuyabeba kwenye kucha. Kwenye choo utayapata kwa nadra. Mwambie mzazi abandike kipande cha utepe angavu wa gundi kwenye ngozi hiyo asubuhi mtoto anapoamka, kabla ya kuoga na kabla ya kwenda chooni, kisha akibandike kwenye slaidi na kuileta.

Strongiloidi hutoa viluwiluwi wachache na si kila siku. Kwake tumia faneli ya Baermann: faneli yenye mpira uliobanwa chini, maji ya vuguvugu, wavu na kitambaa juu, na choo juu ya kitambaa. Viluwiluwi hutambaa kuingia kwenye maji ya vuguvugu, na kwa kuwa wanajipinda tu na hawawezi kuogelea kwenda juu, huzama hadi kwenye mpira. Baada ya saa kadhaa fungua kibano, pokea matone ya kwanza, uyazungushe kwenye mashine na kusoma mashapo. Fanya bidii hii hasa kwa mtu anayetaka kuanzishiwa dawa za steroidi, ambazo hushusha kinga. Strongiloidi anaweza kumaliza mzunguko wake wote ndani ya mwili na kukaa humo miongo, na kinga ya mtu ikishushwa huongezeka na kusambaa mpaka kuua.

Kichocho cha kibofu hutafutwa kwenye mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Yai lake lina mwiba kwenye ncha. Na minyoo duara wanaosababisha matende hawafiki chooni kabisa. Watoto wao huzunguka kwenye damu, na katika sehemu nyingi za dunia hujitokeza usiku, karibu na saa ambazo mbu wao huuma, hivyo damu huchukuliwa kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku.

Hatua ya 9: Lipe jibu la "hakuna" tarehe yake

Mwaka 1922 daktari wa Japani, Shimesu Koino, alimeza mayai 2,000 yaliyokomaa ya askaris. Kilichofuata kilikuwa homa ya mapafu, na kwenye kohozi lake akawakuta viluwiluwi. Wanaanguliwa utumbo mwembamba, wanatoboa ukuta, wanapita ini, wanafika mapafuni, wanapanda koo na kumezwa tena. Ndipo wanapokua. Tangu yai limezwe hadi jike aanze kutaga hupita miezi 2 hadi 3.

Katika miezi hiyo mtu anakohoa, chembe nyeupe za damu za aina ya eosinofili zimepanda, na choo chake ni safi kabisa. Hadubini yako haijakosea, mayai hayajakuwepo. Vivyo hivyo kwa mwenye madume matupu. Kwa hiyo usiandike "hana minyoo". Andika "mayai ya minyoo hayakuonekana kwenye sampuli hii", pamoja na njia uliyotumia, na kama dalili zipo omba sampuli nyingine mbili za siku tofauti. Kama mtu amemeza dawa, mpime tena baada ya majuma 2 hadi 3. Ukipima kesho yake utaona mayai ya minyoo wanaokufa.

Hatua ya 10: Andika jibu linalosomeka

Jibu zuri lina saa ya choo na saa ya kusoma, njia, jina la mnyoo, hatua aliyoonekana nayo, na hesabu. Mfano: "Choo kimetoka saa 2:10 asubuhi, kimesomwa saa 3:25. Kato-Katz. Mayai ya safura 96, sawa na 2,304 kwa gramu, maambukizi ya kati. Mayai ya askaris yasiyorutubishwa 11, sawa na 264 kwa gramu. Viluwiluwi hawakuonekana." Kwenye maneno hayo machache daktari anaona damu inayopotea, anaona kwamba huenda askaris waliomo ni majike tu, na anajua choo hakikucheleweshwa hadi mayai yakaanguliwa.

Slaidi usizitupe mpaka mwenzako azihakiki. Kwa mayai ya safura mwite kabla dakika zile hazijaisha. Kisha tia slaidi na kijiti kwenye chombo cha taka za kuchoma, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, na unawe mikono kabla hujashika kikopo kinachofuata na kuuliza saa yake.